Mji wa Mtoni, Mizabibu na Kisima cha Iyuu: Uhakiki wa Insha Mbili za Ziara

Katika mazoezi tunayowapa wanafunzi wetu wa Kiswahili, hapana lililozoeleka zaidi ya insha ya ziara. Kila mwalimu ameisahihisha mara nyingi hata aweza kuikariri: safari yaanza alfajiri, jua lachomoza, wasafiri wafika, waona ajabu ya kwanza na ya pili, kisha warejea nyumbani wamechoka lakini wamefurahi. Mara chache sana tumejiuliza kama aina hii ya uandishi yastahili kuhakikiwa kwa makini tunayoyatumia katika riwaya au ushairi. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba yastahili, kwa sababu ndiyo inayomfundisha kijana ni mahali gani pa kuitwa pa kihistoria, na ni wapi pa kupitwa tu.

Tunazo mbele yetu insha mbili za darasa letu la juu, hapa pwani ya Kenya. Mada ilikuwa moja: “Ziara katika mji wa kale ulio kando ya mto.” Insha ya kwanza tuliipa alama 17 kati ya 20. Ya pili tuliipa 9. Leo tunazirejea zote mbili, kwa kuwa tunaamini kwamba aliyekosea zaidi katika zoezi hilo ni msahihishaji.

Insha ya kwanza imeandikwa na msichana ambaye shangazi yake yuko Marekani. Shangazi huyo alizuru Ste. Genevieve, mji mdogo wa jimbo la Missouri ulioanzishwa na Wafaransa katikati ya karne ya 18 kando ya Mto Mississippi. Alimpelekea mpwa wake picha na maelezo, naye mwanafunzi akayageuza kuwa ziara yake mwenyewe. Fani yake ni nzuri. Sentensi zake zimepimwa, aya zimefuatana, na tamathali zake hazikuzidi kipimo. Atuonyesha mto mpana wa rangi ya udongo, nyumba za kale zenye baraza pande zote na mapaa marefu yanayoteremka hadi juu ya baraza hizo, kisha atupandisha vilimani kwenye mashamba ya mizabibu, ambako wageni huketi jioni wakionja mvinyo na kutazama machweo. Amalizia kwa kusema kwamba mji huo “umelala katika amani ya karne zilizopita.”

Msemo huo wa mwisho ndio uliotushawishi kuongeza alama mbili. Na ndio tunaoutilia shaka sasa. Mji haulali. Ste. Genevieve ya kwanza ilikuwa bondeni, karibu mno na maji; mafuriko makubwa ya mwaka 1785 yakawalazimisha watu kuhamia mahali palipoinuka, ulipo mji hivi leo. Nchi ile ilitoka mikononi mwa Ufaransa ikaingia mikononi mwa Hispania katika miaka ya 1760, ikarudi kwa Wafaransa kwa muda mfupi, kisha ikauzwa kwa Marekani mwaka 1803. Na kabla ya wote hao ilikuwa na wenyewe. Mwanafunzi asiyeyajua hayo hana kosa. Lakini msahihishaji aliyeusifu usingizi wa mji bila kuuliza ni nani aliyeulaza, huyo ana kosa.

Tena, mji ule haukujengwa na Wafaransa peke yao. Walikuwako Waafrika waliotumikishwa utumwani katika mashamba, katika uchemshaji wa chumvi na katika machimbo ya risasi. Moja ya nyumba zinazoonyeshwa kwa wageni leo, iliyojengwa mwaka 1792, inajulikana kwa jina la ukoo wa Amoureux. Katika nyumba hiyo aliishi Pélagie Amoureux, mwanamke aliyezaliwa mtumwa, akapata uhuru wake mwaka 1832, akaendesha duka pamoja na mumewe Mfaransa. Serikali ya Marekani sasa imeiweka nyumba hiyo katika hifadhi ya taifa ya kihistoria iliyoanzishwa mwaka 2020. Kwa hiyo wenyeji wenyewe wameanza kumsimulia Pélagie. Insha yetu yapita mbele ya mlango wake, yasifu baraza, yaenda zake.

Hata mizabibu, ambayo ndiyo kilele cha insha, imesomwa vibaya. Mwanafunzi aandika kana kwamba Wafaransa waliipanda, nayo ikaendelea kuzaa tangu enzi hizo hadi leo. Kwa kweli sifa ya mvinyo wa Missouri ilijengwa hasa na wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19, waliokaa mahali kama Hermann, mji ulioanzishwa mwaka 1837 kando ya mto mwingine, Mto Missouri. Kisha ikaja marufuku ya pombe nchini Marekani kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, kazi hiyo ikafa, na ikafufuliwa miongo kadhaa baadaye. Anachokiona mgeni anapoinua bilauri yake jioni si urithi usiokatika. Ni kitu kilichokatika kikaungwa.

Twakubali kwamba mwalimu wa lugha si mwalimu wa historia. Basi na tuutazame msamiati peke yake, maana huko hatuna pa kujificha. Mwandishi wetu atumia “mvinyo” mara saba, “divai” mara mbili na “zabibu” mara nyingi, kana kwamba maneno hayo yameota shambani pamoja na mizabibu. Lakini kila moja lina safari yake. “Mvinyo” tumelipata kwa Wareno, pamoja na meza, bendera na gereza. “Divai” ni sauti ya Kifaransa iliyokuja kwetu kwa njia ya wamisionari na ibada zao, na inasikika sana upande wa Kongo. “Zabibu” ni neno la Kiarabu, nasi tulilijua tunda hilo likiwa kavu zamani sana kabla ya kulijua likiwa bichi. Ndiyo maana wengi wetu hushangaa kusikia kwamba hulimwa kwa wingi Dodoma. Kinywaji chetu wenyewe, kilichotajwa na washairi wa kale wa pwani, ni tembo la mnazi. Mwanafunzi aliyeelezwa hayo, awe mnywaji au la, awe Mwislamu au Mkristo, atajua kwamba maneno matatu ya kinywaji kimoja ni bandari tatu. Katika insha iliyosifiwa kwa ufasaha, maneno hayo hayana bandari hata moja.

Jambo la mwisho katika insha hii ndilo lililotuuma zaidi. Nyumba nyingi za kale za Ste. Genevieve zimejengwa kwa nguzo za miti zilizosimamishwa wima, zikakaribiana. Katika baadhi yake nguzo hizo zimesimikwa ardhini moja kwa moja. Nafasi iliyobaki kati ya nguzo na nguzo ilijazwa udongo uliochanganywa na nyasi, kisha kuta zikapakwa chokaa. Mwanafunzi aeleza ufundi huo kwa mshangao mkubwa na kuuita “usanifu wa ajabu.” Katika aya ya kwanza ya insha hiyo hiyo, akieleza alivyoamka siku ya safari, asema kwamba alitoka katika “kibanda chetu duni.” Kibanda hicho tunakijua. Ni nyumba ya miti na udongo, iliyopakwa chokaa, yenye baraza mbele. Miti ni miti na udongo ni udongo. Lakini huku ni usanifu na kule ni uduni. Nasi tulisoma aya zote mbili bila kuziweka pamoja.

Sasa tuitazame insha ya pili. Imeandikwa na mvulana ambaye ukoo wake, kama wetu, watoka Ngumi, kimojawapo cha visiwa vya Bajuni vilivyopangana kusini ya Kismayu hadi karibu na mpaka wa Kenya. Hakuzaliwa huko na hajapata kufika. Wazee wake waliondoka baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, kama tulivyoondoka sisi tukiwa wadogo. Kwa hiyo naye alifanya ziara ya kusimuliwa: aliandika safari ambayo bibi yake aliifanya akiwa msichana, kwa chombo cha tanga, kutoka Ngumi hadi Kismayu, na kutoka Kismayu hadi mahali Mto Juba unapoingia baharini.

Fani yake ina kasoro, wala hatutazificha. Aya ya pili ni ndefu kupita kiasi. Mpangilio wa wakati umevurugika: mara tuko zamani za bibi, mara zamani za baba wa bibi, bila kuonywa. Hana tarehe hata moja. Aeleza kwamba “Wataliana walikuwa Gobwen tangu zamani,” kauli isiyo sahihi kama tutakavyoonyesha. Lakini ana macho. Asema kwamba kabla ya kuuona mto waliuona utusitusi wake baharini, maji yakageuka rangi ya kahawia, na nahodha akajua kwamba bara kumenyesha. Asema kwamba pana miji miwili midogo inayotazamana, Gobwen upande wa magharibi na Jumbo upande wa mashariki, na kwamba bibi aliuliza kwa nini watu wa mto mmoja wawe na vituo viwili vya serikali, akaambiwa, “Mto huu ulikuwa mpaka.”

Jibu hilo fupi ni historia nzima. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana kwamba Mto Juba uwe kigawanyo kati ya maeneo yao. Kuanzia hapo Gobwen ilikuwa chini ya Waingereza na Jumbo chini ya Wataliana, na mvuvi au mkulima aliyevuka kwenda kumzika jamaa yake alivuka kutoka dola moja kwenda nyingine. Mwaka 1925 Uingereza iliitoa nchi ya magharibi ya mto, iliyokuwa sehemu ya koloni la Kenya, ikaikabidhi Italia kwa kutimiza ahadi za Vita Vikuu vya Kwanza. Kismayu na visiwa vyetu vikatiwa katika mkataba huo. Februari 1941 majeshi ya Waingereza, yaliyojaa askari wa Kiafrika, yaliingia Kismayu na kuuvuka mto huo huo. Hivyo mwanafunzi wetu amekosea kusema kwamba Wataliana walikuwa Gobwen tangu zamani. Walifika ng’ambo ile mwaka 1925 tu. Kosa hilo twalisahihisha. Lakini je, tulimfundisha lini?

Ste. Genevieve ina mizabibu vilimani; nyuma ya Gobwen na Jumbo, ukipanda na mto, kuna mashamba ya migomba. Mji mkuu wa sehemu hiyo ni Jamaame, ambao Wataliana waliuita Margherita, jina lililokuwa pia la malkia wao. Ndizi za bonde hilo zilisafirishwa hadi Italia. Wengi wa wakulima wa bonde ni Wagosha, wazao wa watu waliotolewa kusini ya Afrika Mashariki kama watumwa katika karne ya 19, ambao miongoni mwao wako wanaosema Kizigua hadi hivi leo, mbali sana na Handeni. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kitaliana uliwatoa watu hao katika mashamba yao na kuwalazimisha kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Mwanafunzi hakuyaandika hayo kwa mpango huo. Aliandika sentensi moja: kwamba bibi yake alipoona ndizi nyingi zimerundikwa ukingoni alitaka kusifu wingi wake, na mama mmoja wa Kigosha akamwambia kwamba baba yake alitumikia “kolonya” na hakupenda kuziona. Pembeni ya neno hilo tuliandika kwa kalamu nyekundu: “Neno gani hili?” Swali lilikuwa zuri. Kosa letu ni kwamba hatukulingoja jibu. “Kolonya” ni neno la Kitaliana la koloni, walilolibadili wenyeji wa bonde la Juba kwa kulipa maana moja tu: kazi ya kulazimishwa. Wenye dola waliliagiza neno hilo lieleze ustaarabu wao. Waliotumikishwa wakalirudisha likieleza mgongo na jembe. Mwanafunzi alikuwa amelileta darasani neno linalobeba hukumu, nasi tukaliwekea alama ya kosa la msamiati.

Mahali pengine palitutia haya zaidi. Akieleza kufika Kismayu, mwanafunzi aliandika kwamba chombo “kilitia nanga mbele ya kisima cha iyuu.” Tulilikata neno “iyuu,” tukaandika “juu,” tukaondoa nusu alama. Kwa sheria za mtihani tulikuwa sahihi. Kiswahili Sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, kama ilivyoamuliwa Mombasa mwaka 1928, nacho chasema “juu.” Lakini Kibajuni chasema “iyuu,” na wazee husimulia kwamba jina lenyewe la Kismayu, ambalo sisi tulikulia tukilitamka Kisimayuu, latokana na kisima hicho: kisima cha juu. Kwa kukata neno moja tuliukata mji na jina lake. Kijana alikuwa ametuonyesha, kwa neno la bibi yake, ni nani waliopaita mahali pale kabla ya Chisimaio ya Wataliana na Kismayu ya Waingereza. Aliyelikata neno hilo ni mtu aliyelisikia kwa mama yake.

Twajua hoja itakayotolewa na wenzetu. Watasema: mtihani wa taifa haumjui bibi wa mtu, mwanafunzi atakayeandika “iyuu” atapoteza alama, na mwalimu atakayemwachia atakuwa amemdhulumu. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupendekezi kwamba lahaja zitiwe ovyo katika maandishi sanifu. Lakini kuna tofauti kati ya kosa na ushahidi. Neno la lahaja lililoponyoka katika sentensi ya kawaida ni kosa la mtihani, lisahihishwe. Neno la lahaja linaloeleza jina, mahali au tukio ni ushahidi. Dawa yake si kulikata. Mwanafunzi aelekezwe kulitia katika alama za kunukuu, alieleze kwa Kiswahili Sanifu, kisha aendelee. Hilo ni somo la ufasaha pia.

Tukizilinganisha insha hizi mbili kwa fani peke yake, ya kwanza yashinda. Tukizilinganisha kwa maudhui, ya pili yaiacha mbali. Ya kwanza yatazama mji kwa macho ya mwenye bilauri. Ya pili yatazama kwa macho ya mwenye mzigo, na ndani yake mnasikika sauti ya nahodha, ya bibi na ya mama wa Kigosha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Si kwamba msala ni mbaya. Ajuaye thamani ya mbacha wake ndiye atakayeujua msala vizuri. Msichana yule angaliitazama nyumba yao ya udongo kwa heshima, angaliuliza swali zuri zaidi huko Ste. Genevieve: nani aliukanda udongo ule?

Kwa sababu hiyo tumeanza kuyataka mambo matatu katika kila insha ya ziara, iwe ya mji wa Wafaransa au wa Wabajuni. Kwanza, mahali paitwaje, na nani alipaita hivyo. Pili, nani alijenga na kulima, wala si nani alimiliki tu. Tatu, nani aliyekuwapo zamani na leo hayupo, na kwa nini. Swali la tatu kwetu si la vitabuni. Magofu ya mawe yako Ngumi, na kila mwaka walio na majina ya visima, vichochoro na makaburi yake wanapungua, wakifa Mombasa, Lamu na nchi za mbali. Ngumi haina kitabu cha kuwaongoza wageni. Ina wazee hao tu.

Tulizirudisha insha zote mbili ziandikwe upya. Msichana alirejea na aya mpya kuhusu Pélagie Amoureux, na neno “duni” ameliondoa mwenyewe bila kuambiwa. Mvulana alipata 16. Nne alizopoteza ni za aya ndefu na wakati uliovurugika. “Iyuu” imo, katika alama za kunukuu, na chini yake ameongeza majina sita ya mahali pa Ngumi aliyoyapata kwa bibi yake, matatu kati yake hatukupata kuyasikia. Tuliyanakili katika daftari letu kabla ya kumrudishia karatasi. Wenzetu wenye wanafunzi kutoka Chovai, Chula, Koyama na kwingineko tunawaomba wafanye vivyo hivyo, na wayalete katika kurasa hizi.